Fundi Anajibu: Benzi inayotetemeka na oili ya giaboksi inayosemwa haimwagwi milele

Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni za giaboksi za automatiki, tena sio za Vitz wala IST, ni za magari ya wakubwa yaliyozeeka mikononi mwetu, Benzi, BMW, Crown, Lexus, gari ambazo enzi zake zilikuwa za mabalozi na wakurugenzi na leo mtu anaipata kwa bei ya IST afu anashangaa kwa nini iliuzwa rahisi vile. Naanza na hili refu manake wengi mtajikuta humohumo.

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Nina Mercedes E240 ya 2004, ile W211, nimenunua kwa mtu ilitokea Japani, dashibodi inasoma kilomita 148,000. Gari tamu sana ila nikiwa kwenye 60 hivi, mguu mwepesi kwenye mafuta, inatetemeka kama inapita juu ya rasta za barabarani, sekunde chache afu inaacha yenyewe. Fundi wa kwanza kasema oili ya giaboksi imechoka tumwage. Wa pili kasema nisithubutu, hiyo oili kiwanda kimeweka ya maisha na ukiimwaga tu giaboksi inakufa wiki ileile, ameshaona nyingi. Nikasema ngoja nijipimie mwenyewe, nafungua boneti hamna dipstiki ya giaboksi, kuna mfuniko tu umefungwa na pini. Nifanyeje? – Mwenye E240, Tabata

JIBU: Kaka, mafundi wako wote wawili wana kipande cha ukweli, shida ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Mmoja ameangalia miaka ya gari kasema mwaga, mwingine amekumbuka gari za watu wengine kasema usimwage, na gari yako yenyewe bado haijaulizwa.

Giaboksi yako kwa Mercedes inaitwa 722.6, gia 5, ilianza kuingia kwenye magari yao mwaka 1996 na wakaitia kila mahali, C, E, S, ML, hadi Chrysler 300C na Jeep Grand Cherokee za kipindi kile walipokuwa kampuni moja. Ni giaboksi ngumu kwelikweli, ukiitunza inakwenda mbali mno. Na ni kweli ilitoka kiwandani na maelezo kwamba oili haina haja ya kubadilishwa, ndo maana hata dipstiki hawakuweka, walitaka mwenye gari asiguse kabisa. Ila anachosahau fundi wako wa pili ni kwamba Mercedes wenyewe baadaye walirudi nyuma wakaweka kwenye ratiba imwagwe kwenye kilomita 60,000. Sasa yako ina miaka 20 na ushee, na hizo 148,000 ni kama tunaiamini dashibodi, mi dashibodi ya gari ya mkononi huwa naisoma kwa heshima tu.

Tuelewane kwanza hiyo oili inafanya nini, manake wengi wanadhani ni ya kulainisha vyuma basi. Kwenye automatiki oili ndo inayobeba presha ya kuzisukuma klachi zishike, ndo inayopitisha nguvu ya injini ndani ya konveta, lile pipa lililoko kati ya injini na giaboksi, ndo inayobeba joto kwenda kupoa kwenye radieta, na kemikali zake ndo zinazoamua klachi ikishika ishike vipi, kwa ulaini au kwa kugonga. Hizo kemikali joto linazila. Kuna hesabu mafundi wa giaboksi wanaitumia kukadiria, kwamba joto la oili likizidi la kawaida kwa kama digrii 10 umri wake unakatika karibu nusu, we fikiria foleni ya Mandela saa 11 jioni, gari iko D, mguu kwenye breki, konveta inakoroga oili palepale na upepo hakuna, halafu Pasaka unaipandisha Kitonga na familia na mabegi. Oili ya maisha iliandikwa na watu waliokuwa wanafikiria barabara za Ujerumani.

Huo mtetemo wako sasa. Ndani ya konveta kuna klachi moja ambayo kazi yake ni kuifunga konveta ukiwa unatembea ili usipoteze mafuta, na kwenye 722.6 kompyuta haiifungi moja kwa moja, inaiacha iteleze kidogo kwa makusudi gari iwe laini. Oili ikichoka ule utelezi unakosa adabu, inashika inaachia inashika inaachia, na wewe kwenye siti unasikia rasta. Mwendo mdogo, mguu mwepesi, gia za juu, ndo maelezo yako hayohayo. Kwa hiyo fundi wa kwanza anaweza kuwa yuko sahihi kabisa.

Ila kabla hamjamwaga chochote nenda kaangalie radieta. Oili ya giaboksi inapoozwa kwenye chumba kilichomo humohumo ndani ya radieta ya maji, na baadhi ya radieta za Benzi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zinapasuka kwa ndani, maji ya kupozea yenye glaikoli yanaingia kwenye oili taratibu. Glaikoli inaharibu ile nyuzi ya klachi na gundi inayoishikilia, na dalili yake ya kwanza ni mtetemo huohuo wa kwako. Yakiingia mengi utaona oili imekuwa ya pinki kama maziwa, yakiingia kidogo macho hayaoni, inatakiwa kipimo cha glaikoli. Kama radieta ni ileile iliyotoka na gari mi ningebadilisha radieta kwanza bila kuuliza mara mbili, manake ukimwaga oili mpya juu ya radieta inayovuja ndani umeilisha tu.

Cha pili, ipimwe na kompyuta, na kompyuta inayosoma Mercedes sio kile kidude cha bluetuthi cha kuwasha taa ya injini na kuzima. Kwenye giaboksi hii kuna bamba la umeme lililoko ndani ya oili, limebeba sensa za mwendo, na hizo sensa zikifa gari inajifunga gia ya 2 haitoki, watu wanasema giaboksi imekufa wakati klachi zote nzima. Hilo bamba halitibiki kwa oili. Ila kwa kuwa liko juu tu ya sampo, yani lile bakuli la oili chini ya giaboksi, kama kompyuta inalilalamikia basi libadilishwe siku hiyohiyo sampo iko chini, usilipie ufundi mara mbili.

Na kuhusu giaboksi kufa wiki ileile. Fundi wako hadanganyi kwamba ameona, mi pia nimeona. Ila angalia mpangilio wake: mtu anakaa na gari miaka 10 hajagusa oili, siku inaanza kuchelewa kushika D, ukikanyaga injini inalia gari haiendi, hapo ndo anakumbuka oili. Oili mpya haioti klachi mpya bana. Klachi zilikuwa zimeshaisha, giaboksi inakufa Ijumaa, oili iliyowekwa Jumanne inabebeshwa kesi. Kundi la pili ni zile zilizouliwa kweli na hiyo kazi, na zenyewe nyingi zimekufa kwa vitu viwili, imewekwa oili siyo yake au imewekwa bila kupimwa ikafika kiasi gani. Ya kwako haitelezi, inabadili gia vizuri, inatetemeka tu kwenye konveta, kwa hiyo kama radieta na kompyuta ziko safi, mwaga bila woga.

Oili utakayonunua iwe na kibali cha Mercedes kimeandikwa nyuma ya kopo, namba 236.14. Ya zamani iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa 236.10, hii ya 14 inaruhusiwa badala yake. Usikubali ile ya rangi ya bluu ya 236.15, hiyo ni nyepesi, ni ya giaboksi zao za gia 7 za baadaye, muuzaji atakwambia ni mpya zaidi kwa hiyo ni bora zaidi na hapo atakuwa anakuuzia shida. Jumla yake ndani inabeba karibu lita 8. Nunua na filta, gasketi ya sampo, washa ya nati ya kumwagia, pini mpya ya ule mfuniko, na kitu kimoja mafundi wengi wanakisahau, ile soketi ya plastiki ya nyaya 13 inayoingia ubavuni mwa giaboksi, ina oringi mbili zinazokauka. Zikikauka oili inavuja, na mbaya zaidi inapanda ndani ya nyaya zenyewe taratibu mpaka inafika kwenye kompyuta ya giaboksi. Mtu anafungua boksi la kompyuta anakuta limeloa oili anabaki kushangaa imefikaje huko juu. Ni kisoketi cha bei ndogo, usikiruke.

Kazi yenyewe haina maajabu. Gari itembee kidogo oili iwe vuguvugu sio ya kuunguza, ipandishwe ikae sawa pande zote nne, na iwe juu ya stendi, jeki peke yake mtu asiingie chini hata awe na haraka vipi. Mwaga, na kila kinachotoka kiingie kwenye chombo chenye vipimo, hili nalirudia chini. Sampo imeshikwa na bolti 6 za Torx T30 na vibanio vyake, filta inavutwa tu kwenda chini inatoka. Kwenye sampo kuna sumaku, iangalie we mwenyewe usisimuliwe: uji laini wa kijivu ni kawaida kwa umri wa gari, ila ukikuta vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho au magamba meusi ya klachi simamisha kazi, hapo tunaongelea giaboksi kushushwa sio oili. Osha sampo, usiifute na pamba wala kitambaa kinachoacha nyuzi kwa sababu unyuzi mmoja ukiingia kwenye valvu utakutafuta baadaye. Zile bolti za sampo zinakazwa Nm 8 tu, yani mkono mwepesi, ukikaza kwa hasira unapinda sampo na inavuja milele.

Kwa sampo peke yake itatoka kama lita 4, nyingine imebaki kwenye konveta. Zile 722.6 za mwanzo zilikuwa na nati ya kumwagia kwenye konveta, baadaye wakaiondoa, mwambie fundi azungushe injini kwa mkono achungulie, ikiwepo mwage na hiyo. Isipokuwepo usihangaike, weka hizi 4 mpya, tembelea wiki 2 au 3, mwaga tena weka 4 nyingine, utakuwa na robo tatu ya oili mpya na giaboksi haijashtuliwa.

Sasa tufike kwenye ile sehemu ambayo kwa maoni yangu ndo kazi yenyewe, hizo nyingine zote anaweza kijana wa wiki ya pili gereji. Leveli. Dipstiki ya giaboksi hii inauzwa peke yake kama kifaa cha fundi, ni ndefu inalegea, ina alama za oili ikiwa na digrii 25 na alama za digrii 80. Fundi akikwambia hana hiyo stiki ila anajua kwa uzoefu, mshukuru, mlipe chai, ondoka. Unaanza kwa kurudisha kiasi kilekile kilichotoka, ndo maana nikasema chombo kiwe na vipimo, japo kama ilikuwa inavuja basi kilichotoka kilikuwa pungufu tayari. Washa, pitisha gia zote taratibu mguu ukiwa kwenye breki, rudi P, pima kwa alama za baridi upate makadirio, afu tembea mpaka oili ifike 80 ndo upime kipimo cha kweli, injini inaunguruma, gari imesimama sawa, lever iko P.

Na hapa kuna mtego ambao umewapoteza mafundi wazuri kabisa. Sensa ya joto la oili ya giaboksi hii imeunganishwa kwenye njia moja na swichi inayozuia gari kuwaka ikiwa kwenye gia, kwa hiyo ukiwa P au N kompyuta haiisomi hiyo sensa, inakuletea joto la injini badala yake. Fundi anaona 80 kwenye skrini anapima anafunga, kumbe ile ni ya maji ya injini na oili iko 50, anaweka hadi alama ya moto wakati oili bado haijapanuka, ikija kupata moto kweli imezidi. Kwa hiyo shika breki, weka D, soma joto, rudisha P, pima. Ikizidi vyuma vinaipiga inakuwa povu, na povu halisukumi klachi, gari inateleza palepale na oili mpya. Ikipungua pampu inavuta hewa, unaweza usione kitu mjini ila ukipanda mlima au ukifunga breki kwa nguvu inakata mwendo. Hizo ndo giaboksi zinazokufa wiki ileile kaka.

Ukishamaliza mtetemo unaweza usiishe siku hiyo, ipe kilomita mia kadhaa na ile awamu ya pili ya kumwaga. Ukibaki palepale baada ya hapo basi konveta yenyewe imeshaliwa, tutaongea mengine.

SWALI: Hujambo fundi. Mimi ni mama wa makamo, niko Mombasa, marehemu mume wangu aliniachia BMW X5 ya 2008, petroli, 3.0. Juzi makanika alinibadilishia mafuta ya giaboksi kwa sababu kulikuwa na matone pale chini ninapoegesha. Tangu hapo nikipanda kile kilima cha kutoka Nyali kuingia darajani gari inanguruma tu haiendi, na nikiweka riverisi asubuhi inakaa kitambo ndio inashika. Makanika asema giaboksi imekufa nitafute ingine ya mtumba. Pesa hizo sina. – Mama wa X5

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa msiba. Usinunue giaboksi bado. Kuchelewa kushika asubuhi na kukata nguvu kwenye kilima, vikianza siku moja na kubadilisha mafuta, kwangu mimi ni mafuta pungufu mpaka ithibitishwe vingine.

Giaboksi yako ni ya kampuni ya ZF ya Ujerumani, gia 6, familia moja na ile iliyoanza kwenye BMW 7 ya mwaka 2001. BMW walisema mafuta yake hayabadilishwi, ila ZF wenyewe waliyoitengeneza wanapendekeza yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au kila miaka 8, kwa hiyo kubadilisha halikuwa kosa. Kosa linakuwa kwenye namna ya kujaza. Haina dipstiki, inajazwa kupitia nati iliyoko ubavuni, na leveli yake inapatikana injini ikiwa inaunguruma, mafuta yakiwa kati ya digrii 30 na 50, yanajazwa mpaka yaanze kumwagika kwenye tundu hilo. Makanika akijaza injini imezimwa yatamwagika mapema, atafikiri imejaa, atafunga, halafu ukiwasha konveta na njia za kupozea zinavuta mafuta yale kule na chini kunabaki pungufu sana.

Kwa hiyo muulize kwa upole tu, mama, maswali matatu. Alijaza lita ngapi na zilitoka ngapi? Injini ilikuwa inaunguruma alipofunga ile nati? Alisoma joto la mafuta kwa mashine gani? Akianza kuzunguka zunguka usiendelee kubishana naye, peleka kwa mwingine anayezijua BMW, mwambie apime leveli tu kwanza, hiyo sio kazi ya siku nzima. Na mpaka ipimwe usiiendeshe, maana hizo klachi zikiteleza hivyo kwa wiki kadhaa zitaungua kweli na hapo makanika wako atakuwa amesema ukweli kwa kuchelewa.

Yale matone nayo yana mahali pawili panapojulikana. Sampo ya gari yako ni ya plastiki na filta imo humohumo ndani yake, haitoki peke yake, kwa hiyo unabadilisha sampo nzima, ikizeeka inapinda kwenye kingo. Pengine pa kuvuja ni ile kola ya plastiki inayozunguka soketi ya umeme ubavuni, mipira yake inakauka. Kama makanika alimwaga mafuta akarudisha sampo ileile ya zamani na kola ileile basi matone yatarudi na leveli itashuka tena. Mafuta yawe ya ZF Lifeguard 6 au yenye maandishi wazi kwamba yanafaa ZF ya gia 6, sio kopo lililoandikwa linafaa magari yote. Na fundi yeyote atakayeigusa afungue ile nati ya kujazia kabla hajafungua ya kumwagia, kuna watu wamemwaga yote ndio wakagundua ya kujazia imeganda haifunguki, gari ikalala gereji bila tone.

SWALI: Fundi eti haidroliki ya giaboksi na ya stelingi si haidroliki tu? Mi Crown yangu Athlete ya 2005 naiwekea ile nyekundu ya dukani wanayoweka kwenye stelingi na mwaka wa pili huu inatembea. – Kijana wa Morogoro

JIBU: Mdogo wangu, rangi nyekundu ni rangi tu, inatiwa ili ukiona tone chini ujue linatoka kwenye giaboksi sio kwenye injini. Maziwa na chokaa vyote vyeupe, unajua mwenyewe ipi unakunywa.

Crown yako kama ni ile ya gia 6 inatumia Toyota WS, ni nyepesi kuliko zile za zamani, na valvu na klachi zake zimepangiwa wepesi huo. Ile ya dukani kwa stelingi mara nyingi ni ya kizamani ya Dexron III, nzito zaidi. Gari haizimiki siku hiyo, inatembea, inabadili gia kwa kugonga kidogo asubuhi, konveta inaanza kulalamika, unazoea, unasema ndo tabia ya Crown. Mark II za zamani zenye dipstiki zinatumia Type T-IV, na yenyewe usiitie kwenye yako.

Na kama unadhani mi nakuza mambo ya kemikali, hizi oili enzi za nyuma Marekani zilikuwa na mafuta ya nyangumi ndani yake, kweli kabisa, Dexron ya miaka ya 60 ilitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike kwa ulaini. Mwanzoni mwa miaka ya 70 sheria ya kulinda wanyama ikawazuia, wakatafuta mbadala, na giaboksi zikaanza kusumbua kwa wingi mpaka walipoipatia tena. Rangi ilikuwa nyekundu muda wote.

Wewe fanya hivi, mwaga ya sampo weka WS, rudia mara 2 au 3 kila baada ya wiki kadhaa hadi ile ya zamani ipungue. Usiipeleke kwenye mashine ya kusukuma oili yote kwa mpigo kama umeambiwa. Mashine sio mbaya kwa giaboksi iliyotunzwa toka mpya, ila iliyokaa na uchafu wa miaka inaweza kuung'oa huo uchafu wote ukakimbilia kwenye valvu ndogo, mi gari isiyojulikana historia yake siipeleki huko.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mie nipo Muscat, nna Lexus LS430, nimeinunua kwa mzee mmoja hapa, haina kasoro. Joto la huku walijua, mwezi wa sita hadi wa nane ni moto mtupu. Nnataka kubadilisha oili ya gia kabla kasoro haijaja, jee nitie ipi, na jee niongeze radieta ndogo ya kupoza? – Mzanzibari wa Muscat

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Hilo ndo swali ninalolipenda, mtu anakuja kabla gari haijaumwa. Kitu cha kwanza tazama gari yako ni ya mwaka gani, manake LS430 ziko mbili ndani ya sura moja. Za mwanzo hadi 2003 zina gia 5, zina dipstiki yake kabisa, na zinakula Type T-IV. Kuanzia 2004 wakaweka gia 6, dipstiki wakaiondoa, na oili ikawa WS. Watu wanachanganya hizi mbili kila siku kwa sababu kopo limeandikwa Toyota yote mawili.

Ikiwa ni ya gia 5 maisha yako rahisi. Mwaga, pima iliyotoka, rudisha hiyohiyo, tembea ipate moto, pitisha gia zote, soma stiki upande wa moto injini ikiwa inaunguruma. Ikiwa ni ya gia 6 inajazwa ubavuni na kuna nati nyingine chini ya kuangalizia leveli, yenye kimrija ndani, mafuta yanatakiwa yachuruzike kidogo kidogo kupitia hapo yakiwa kwenye kama digrii 40, injini inaunguruma. Kwa Muscat hapo kuna kichekesho kidogo, Julai mchana gari iliyolala juani oili yake imeshafika hapo kabla hujawasha na ukipiga porojo na fundi dakika kumi imepita, kwa hiyo fanya alfajiri, au mfanye mwezi wa kumi na mbili.

Radieta ya ziada kama huvuti trela na huendi kucheza mchangani siioni haja yake, Lexus hawakuijenga gari hii wakalisahau soko la Ghuba. Kinachoziunguza huko ni vumbi. Lile lililojaa baina ya kondensa ya eisii na radieta, ukichungulia kwa mbele hulioni, mpaka ufungue sehemu za juu. Mwambie fundi alioshe kwa maji ya presha ndogo akipiga kutoka upande wa injini kwenda nje, asipige kwa nguvu akalaza mapezi. Afanye hivyo siku hiyohiyo ya oili, na feni zake za umeme aziangalie kama zote zinazunguka eisii ikiwa imewashwa.